Mbao Mbichi za Meza ya Saa

Jumamosi, tarehe 26 mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati ya jirani, kwenye saa nne ukaondoka, ukaja ule upepo wa Iringa unaokata masikio. Jua lilikuwepo, lakini la kutazama tu, siyo la kuota.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu inahusika na makosa yangu. Sitaki isomeke kwamba naisingizia baridi. Baridi ni ya wote, na wengine wanafanya kazi zao humo humo vizuri tu.

Leo ndiyo siku ambayo mgeni wetu wa Mbeya alisema atakuja kuchukua sanduku. Ni sanduku la vifaa vya saa vya mume wangu. Miaka mingi alikaa nalo kwenye baraza ya duka la watu, Mwanjelwa kule Mbeya, na mimi nilikaa pembeni yake nikibadilisha betri na mikanda. Mikono yake ilipoanza kutetemeka tulirudi huku kwetu, Kihesa, na sanduku likaingia chini ya kitanda. Mgeni alifundishwa kazi na mume wangu. Sasa ni fundi mzima, ana watoto wanaosoma sekondari. Aliliomba kwa simu, kwa adabu, akasema kwake litafanya kazi kuliko kukaa na vumbi. Alisema kweli, nami sikuwa na la kupinga. Ila baada ya simu nilimuuliza mume wangu, "Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unabadilisha betri, mama watoto."

"Nilikuwa naangalia pia."

"Hata mbuzi wa pale Mwanjelwa walikuwa wanaangalia."

Nilicheka, maana kweli walikuwepo. Halafu nikamwambia anipime. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa, akatoa masharti: nichukue saa moja ya kutia ufunguo, niifungue yote, niisafishe, niirudishie, itembee siku saba mfululizo bila kusimama. Ikitimiza kabla mgeni hajafika, sanduku linabaki. Isipotimiza, nisilete maneno. Nilikubali. Nimeishia darasa la saba na kuna mambo mengi sijiamini, ila sharti nililolikubali mwenyewe huwa nalielewa.

Saa niliazimwa na bibi jirani, nesi mstaafu, ile saa yao ya kubandika kifuani inayoning'inia kichwa chini. Ilikuwa imesimama tangu alipostaafu. Nilimweleza wazi kwamba ninajifunzia kwake na inaweza kuharibika. Akasema, "Mwanangu, ilivyo sasa imekufa. Utaiua mara ngapi?"

Kilichobaki ni meza. Saa haifunguliwi kwenye meza ya chakula. Meza ya fundi saa inakuja juu mpaka kifuani, ili viwiko viegemee na macho yasiinamie kazi. Hilo nililiona kwa mume wangu miaka yote. Nilitaka iwe kwenye chumba cha nyuma, dirisha la upande wa kusini, maana mwezi huu jua halipigi upande ule na mwanga wake hauchezi.

Nikampigia kaka yangu Igowole, kule Mufindi, ambaye kama watu wote wa kule ana miti yake. Tulisalimiana kamwene nyingi za kwetu, nikamwambia shida. Siku ya tatu mbao za paini zikashuka juu ya lori la viazi, nzuri, nyeupe, zinanukia. Alizitoa bure. Akanipigia: "Dada, hizo zimepasuliwa juzi tu. Zipange ndani, kila ubao na vijiti katikati upepo upite. Zikae miezi mitatu."

Alisema hivyo, na nilimsikia. Naandika hapa ili siku moja mtu asije akasema aliniletea mbao mbaya. Mbao zilikuwa nzuri. Mimi ndiye sikuwa na miezi mitatu, nilikuwa na wiki tatu.

Fundi seremala wa mtaani naye alizigusa akakunja uso. Kisha nilipompa kipimo akauliza, "Mama, hii ni meza au kaunta ya baa?"

"Ni meza ya saa."

"Saa yenyewe ina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha. Alicheka akaita wenzake waje kuona. Lakini kazi aliifanya kwa uaminifu. Pembeni aliweka ukingo wa kuzuia vitu visidondoke, na chini ya ukingo nilipigilia kanga ya zamani, upande mmoja kwenye meza na upande wa pili naufunga kiunoni, ili skrubu ikiruka idondokee mapajani. Sakafuni nilitandika kapeti ya plastiki, kwa sababu sakafu yetu ina nyufa, na skrubu ya saa ikiingia kwenye ufa ndiyo basi tena. Nilitafuta bilauri tatu za kufunikia vipande vilivyofunguliwa. Taa niliyopata ni ya sola, kwa siku za umeme kukatika. Duka la dawa nikanunua kile kimpira cha kuvutia kamasi za mtoto, maana kinapuliza vumbi vizuri bila mate. Muuzaji akauliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema siyo cha mtoto, ni cha saa. Akanitazama, akanipa chenji.

Nilifurahia ile meza kupita kiasi. Mume wangu alikuja akasimama mlangoni, akaweka kiwiko juu yake kupima urefu. Akasema, "Urefu uko sawa." Nilirudia maneno hayo moyoni siku nzima, mtu mzima mimi.

Nilifungua saa. Yeye alikaa nyuma yangu na kusema kidogo sana, kwa sababu tulikubaliana asisaidie. Niliosha vipande, nikavipanga kwenye karatasi nyeupe juu ya meza kwa mpangilio wa kutoka, nikavifunika kwa bilauri. Vidole vilikuwa vinakufa kwa baridi. Hapo ndipo nikafanya lile ambalo kila mama wa hapa angefanya: nikachukua jiko la mkaa, nikaliweka chini ya meza karibu na miguu. Dirisha nililiacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Nikaona nimekamilika.

Saa ilitembea jioni ile ile. Siku ya pili ikasimama. Nilifungua, nikaosha, nikarudishia. Ikatembea siku mbili, ikasimama. Sasa siku za kufikia saba zilikuwa zinaniishia. Nilijiambia kwamba ni mkono wangu, kwamba mbuzi wa Mwanjelwa nao wangeweza kufika hapa nilipofika. Mume wangu alinywa chai yake. Sikuweza kujua kama anasikitika au anaona alichokuwa amekitarajia. Huenda ni vyote viwili, na ni haki yake.

Jumanne iliyopita niliifungua mara ya tatu. Nilipoinua skrubu kwa kibano, skrubu haikutaka kuachia. Ilikuwa imeganda kwenye ncha. Nikaipangusa, ikaganda tena. Nikanusa vidole vyangu. Vilinuka msitu wa Mufindi.

Nikainua karatasi. Chini yake meza ilikuwa inatoa utomvu, matone madogo kama asali, mengi pale juu ya jiko. Ulikuwa umepenya karatasi. Nikaweka lenzi jichoni nikaangalia gurudumu dogo la saa, na katikati ya meno mawili kulikuwa na chembe ya rangi ya asali, imetulia kana kwamba imezaliwa pale. Nikaupapasa mguu wa meza: ulikuwa umejipinda na kuinuka kwenye kapeti.

Nilimwita mume wangu akaja kuangalia. Aliangalia muda mrefu, lenzi ikitetemeka jichoni kwake mpaka nikamshikia mkono.

"Ubao bado unalia," alisema. "Na wewe unaupashia moto."

"Uliona?"

"Sikuona. Ningeona ningesema, sharti au siyo sharti."

Namwamini. Nilimpigia kaka yangu pia, nimwambie kabla hajasikia kwa mwingine. Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, umeoka meza," alisema, halafu akauliza kwa upole kama saa imepona.

Nililia kidogo, sitaficha. Kisha nikatoa jiko nje. Niliomba kioo kimoja cha dirisha la zamani kwa seremala, nikakiosha, nikakilaza juu ya meza yote, kingo nikazifunga kwa plasta. Chini ya mguu uliojipinda nikaweka kipande cha ndala. Kila kifaa nikakipangusa kwa petroli, kimoja kimoja, na kila gurudumu nikalikagua kwa lenzi jino kwa jino. Nilivaa sweta mbili na soksi za mume wangu. Vidole vilipokufa nilikwenda jikoni kuviotesha moto, nikarudi. Kazi iliyochukua siku moja mara ya kwanza ilichukua siku moja na nusu. Jumatano jioni niliitia ufunguo ikaanza, na sauti yake ilikuwa nyingine, nyepesi. Hapo nilijua kwamba zile mara mbili nilizodhani inatembea ilikuwa inajikokota tu.

Lakini Jumatano mpaka Jumamosi siyo siku saba, uhesabu utakavyo.

Mgeni alifika saa nane mchana, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Alikuwa amebeba mfuko begani. Tukampa maji, tukaulizana habari za Mbeya, nani amefariki, nani amehamia wapi. Sanduku nilikuwa nimeshalitoa chini ya kitanda, nimelipangusa, nimeliweka mezani pale sebuleni. Nilitaka anione nikilitoa kwa mikono yangu.

Mume wangu akasema, "Mwambie."

Nilimwambia yote, mbao mbichi, jiko, mara mbili kusimama. Nikamwambia imetembea tangu Jumatano na haijapoteza hata dakika mbili, lakini sharti lilikuwa siku saba. "Kwa hiyo sanduku ni lako," nilisema.

Mgeni aliomba kuona meza. Alikaa kwenye kigoda changu, akaweka viwiko, akapapasa kioo, akasogeza pua kwenye ubao, akacheka. Kisha akaweka saa ya bibi sikioni muda mrefu, akaigeuza kichwa chini, akasikiliza tena.

"Mzee," alisema, "hii umeishika wewe?"

"Mimi? Hata kijiko nakishika kwa shida."

Akairudisha chini ya bilauri, taratibu. Nikahisi wataanza kunihurumia, na huruma haikuwemo kwenye masharti. Nikasema lile nililokuwa nimelipanga tangu alfajiri. "Chukua sanduku lote. Ila naomba uniazime bisibisi tatu, kibano kimoja na lenzi. Saa ya watu haijamaliza siku zake, ikisimama lazima niifungue. Na nikimaliza hiyo, nitatafuta nyingine. Vifaa vyako nitakurudishia vyote nikishapata vyangu, kimoja kimoja."

"Kuazima hakukuwa kwenye masharti," mume wangu alisema.

"Wala kukataza kuazima hakukuwepo," nikamjibu.

Mgeni alicheka sasa kwa sauti. "Mzee, wewe mwaka ule uliniazima bisibisi ya njano nikaanzie kazi. Umesharudishiwa?"

"Nakusubiri uilete."

"Basi na mimi nitamsubiri mama hivyo hivyo."

Tulirudi sebuleni, akafungua sanduku. Seti ya punchi za kugongea na kile kimashine cha kukerezea mihimili ya saa alivifunga kwenye kitambaa, avichukue. Mimi vile sivijui na kwangu vingelala, lazima niseme hivyo. Spiringi na vioo vya akiba akagawa, vya saa kubwa kwake, vya saa ndogo kwangu. Bisibisi hakuniachia tatu, aliniachia zote saba, na kibano na lenzi. Nilitaka kukataa nne, mume wangu akanikazia macho, nikazipokea. Nilizipeleka chumba cha nyuma nikazipanga juu ya kioo kwa ukubwa wake. Sanduku lenyewe limeondoka. Nimeona pengo chini ya kitanda nilipofagia, nikafagia na pale.

Bado sijui kama mimi ni fundi. Saa moja haitoshi kusema. Ila baada ya mgeni kwenda kuoga, mume wangu alikuja na saa yake ya mkononi, ile ambayo haijawahi kuguswa na mtu mwingine, akaiweka mezani mwenyewe. Alisema inachelewa. Nikamuuliza inachelewa kwa muda gani. Akasema nipime, ndiyo kazi yangu. Nikaiweka chini ya bilauri ya pili na kuandika muda kwenye karatasi.

Usiku tumekula wali, kwa sababu ule mfuko wa mgeni ulikuwa mchele wa Kyela, na maharage niliyoyachemsha tangu mchana kwenye lile jiko, nje, pamoja na majani ya maboga ya bibi jirani. Mgeni aliongeza mara mbili. Mume wangu alikula kwa kijiko, polepole, akamaliza sahani yake.