Pampu Iliyolia Pembeni ya Baba

Mwenye lodge alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Mbinga, nimefungua mota ya mashine ya kusaga na mikono imejaa grisi. Nikamweka kwenye spika.

"Dada, mimi namheshimu sana mzee wako," alianza, na mtu akianza hivyo unajua kinachofuata si kizuri. "Lakini pampu ya jakuzi inalia wiki nzima sasa. Nikimuuliza anasema haina neno. Juzi mgeni mmoja, mama mtu mzima, kamfuata akamwambia pampu yenu inapiga kelele. Unajua mzee alimjibu nini?"

"Alimjibu nini?"

"Marahaba."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Marahaba, dada. Kama vile kaamkiwa na mtoto wa shule. Yule mama akarudia, pampu inapiga kelele. Mzee akasema, karibuni sana, maji ya moto yapo. Mama akaona anadharauliwa, akachukua begi akahama. Sasa Jumamosi nakuja kupokea watu wa harusi. Nikifika nikaikuta bado inalia, nitatafuta mtu mwingine, na sitapenda kufanya hivyo."

Baba alikuwa mlinzi na mtunza maji wa lodge ile ndogo iliyo juu kidogo ya ufuko wa Mbamba Bay, na ndiye aliyeangalia ile jakuzi, kibwawa cha maji ya moto cha wageni. Kabla ya hapo, karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa huku Mbinga. Alipostaafu akateremka na mama hadi ziwani, kwa sababu mama alikuwa mtu wa kule, na alikuwa amemsubiri muda mrefu amrudishe kwao. Hawakukaa sana pamoja kule. Mama alifariki, tukamzika kwenye makaburi ya kanisani, na Baba akakataa kupanda tena milimani. Kazi ya lodge ilimpa chumba nyuma ya jiko, na kutoka chumba kile hadi kaburini ni mwendo wa kutembea taratibu bila kuchoka. Kila jioni alikwenda. Kwa hiyo mtu aliposema atatafuta mtunza maji mwingine, mimi nilisikia kwamba Baba atahamishwa kutoka kwa mama.

Nilimpigia simu. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wateja wangu, kwa sababu kelele za pampu hazifanani, na ukizijua unaweza kumtibu mgonjwa kabla hujamfungua. Ikivuma tu bila kuzunguka, imekwama, au umeme wa kuianzisha umepungua nguvu. Ikilia kama kokoto zinazozungushwa ndani ya sufuria, inakosa maji: kichujio kimeziba, au kuna mahali inavuta hewa. Ikigongagonga, angalia nati zinazoishikilia chini. Ila ikilia kwa sauti nyembamba, kama filimbi isiyopumzika, hapo beringi, zile pete za gololi ambamo shafti huzunguka, zimekwisha.

"Kwa hiyo, Baba, yako inaliaje? Kokoto au filimbi?"

"Huku tunashukuru Mungu," alisema. "Dagaa usipa mwingi msimu huu. Nimekuanikia. Watoto hawajambo?"

Nilimwambia hawajambo. Nikarudia swali. Akaniambia habari za mvua, akanitaka nisimpe mtoto wa mwisho maziwa ya baridi, akakata simu. Ndivyo simu zetu zilivyokuwa tangu mama aondoke. Yeye anasema, mimi nasema, na maneno yetu hayakutani. Niliamini ni upweke, kwamba mtu akikosa wa kuzungumza naye hufungulia kila kitu akimpata mmoja. Nikatia beringi mbili mpya na sili ya kuzuia maji kwenye mkoba, na siku ya Jumamosi asubuhi nikateremka.

Pampu niliisikia kabla sijafika getini. Filimbi kabisa, kali, ile inayokuingia kwenye meno. Mbwa wa jirani alikuwa amehama upande wake wa kivuli akaenda kulala juani, mbali nayo. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye kile kisanduku cha mbao chenye pampu ndani yake. Ameweka ungo mapajani, anachambua mchele. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekaa mahali pasipo na sauti yoyote.

"Shikamoo Baba."

Aliokota chuya, akaitupa.

"Shikamoo Baba," nilisema kwa nguvu zaidi. Nilikuwa pembeni yake, karibu kiasi cha kumgusa bega.

Ni kivuli changu kilichomfikia. Kilipoangukia ungo, aliinua kichwa, akaniona, uso ukamng'aa. "Marahaba, mama, marahaba. Umefika saa ngapi?"

Nilikaa chini kwenye baraza. Sikuwa nimechoka.

Mwenye lodge naye alifika muda si mrefu, akasimama na mikono kiunoni. "Mnaisikia wenyewe," alisema.

Baba alituangalia midomo, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaelewa kwamba tumekuja kwa ajili ya pampu, akaingia ndani, akarudi na bisibisi ndefu. Zamani hivyo ndivyo alivyozijua mashine zote za kahawa. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini unauegesha kwenye mfupa nyuma ya sikio, na chuma kinakuletea kila kinachotokea ndani. Mimi mwenyewe alinifundisha hivyo nikiwa sijaanza hata darasa la tano. Akainama. Akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, macho ameyafumba.

"Beringi nzima," alisema. "Hii inakosa maji."

Mwenye lodge alinitazama.

"Tuanze na maji, kama Baba alivyosema," nilisema. Na si kwamba nilikuwa namfichia aibu tu. Hata ukiwa na hakika na jibu, anza na kile rahisi kisichohitaji kufungua kitu. Nilipima maji ya jakuzi, yalikuwa juu ya mdomo wa kuvutia. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikafunga valvu zote mbili, nikatoa kichujio: kisafi, Baba alikiosha kila siku. Nati za chini zilikuwa zimekaza. Nikazungusha shafti kwa mkono, na hapo pampu ikasema ukweli. Shafti nzima huzunguka laini kama imepakwa mafuta. Hii ilikwaruza, na nilipoitikisa ilicheza. Chini ya mota kulikuwa na mstari wa kutu ulioshuka polepole. Sili ilianza kuvuja, maji yakafuata shafti yakaingia kwenye beringi ya mbele, yakaondoa grisi. Kwa hiyo ukibadilisha beringi ukaacha sili ileile, baada ya miezi michache utarudi palepale. Badilisha vyote.

Tulifanya kazi pamoja. Mikono yake haikuwa imepoteza kitu. Nilipotaka kuigonga beringi mpya iingie, alinishika kiganja, akachukua kipande cha bomba kinachoenea kwenye pete ya ndani tu, akagonga yeye, taratibu, akizungusha. Ukigonga pete ya nje unaiua beringi kabla haijaanza kazi. Tukarudisha kila kitu. Nikafungua valvu, nikatoa hewa, nikawasha.

Ilivuma kidogo tu, kama friji ya chumba cha pili. Mbwa akarudi kivulini.

Baba hakutazama pampu. Alinitazama mimi usoni, akasubiri. Nilipotabasamu, akaweka kiganja chake juu ya mota, akakiacha hapo. "Imetulia," alisema.

"Mzee wangu, wewe utafia hapa hapa," mwenye lodge alisema kwa sauti yake nzito, akampiga begani. "Nimwondoe nani mimi? Leo watoto wa harusi watajaa humo kwenye jakuzi, wakikuzidi nguvu uwatoe kwa fimbo."

Baba alicheka. Sauti ya mwenye lodge ilikuwa ikimfikia. Nesi mmoja wa Songea alikuja kunieleza baadaye kwamba miaka mingi ya makelele ya mashine huanza kula sauti nyembamba. Sauti nene za wanaume hubaki kwa muda. Filimbi ya beringi huondoka. Watoto huondoka. Wanawake wengi huondoka. Siku ile sikuwa nimeelezwa na mtu, lakini kelele nilikuwa nimezisomea maisha yangu yote, na nilijua.

Kazi yake ilikuwa imeokoka. Ningeweza kufunga mkoba wangu, kula usipa na ugali, na kurudi Mbinga.

"Kaka," nilimwambia mwenye lodge, Baba akiwa ametupa kisogo anaosha spana kwenye ndoo. "Nisaidie kitu. Nenda pale kwenye jakuzi, uite kama mtoto."

"Niite vipi?"

"Kama mtoto anayezama."

Alidhani ni utani, na alikuwa mtu wa utani. Akaenda, akabana koo, akatoa kisauti chembamba cha kuchekesha: "Babu, nazama. Babu weee, nazama."

Baba alisuuza spana, akaikung'uta.

"Babu, nakufa huku," mwenye lodge alisema, tayari sauti ikimpotea.

Baba akachukua nyingine. Jakuzi ilikuwa hatua chache nyuma yake. Mwenye lodge alishusha mikono. Tulisimama hivyo mpaka ndoo ikaisha spana.

"Niseme naye mimi?" aliniuliza.

"Hapana. Nitasema naye mimi."

Nilimketisha kwenye kigoda, nami nikapiga magoti mbele yake, ili uso wangu uwe mahali anapoweza kuuona. Nikashusha sauti hadi chini kabisa ilipokubali kwenda.

"Baba, husikii."

"Nasikia. Si unaona nakujibu?"

"Pampu ilikuwa inalia, Baba."

"Haikulia. Nilikuwa nimeketi hapa hapa."

"Ilikuwa inalia. Kutoka barabarani inasikika."

Alitazama kisanduku, akanitazama mimi, kisha akamtazama mwenye lodge aliyekuwa amesimama mbali akichezea funguo zake. Mwenye lodge aliinamisha kichwa kukubali.

"Ililia sana?"

"Sana."

"Na mimi nilikuwa nimeegemea hapo."

"Ndiyo, Baba."

Alikuwa mtu wa mashine, hakuhitaji kuelezwa hatua inayofuata. Aliinuka mwenyewe, akaenda mpaka ukingoni mwa jakuzi, akayatazama yale maji ya moto niliyoyaponya kwa ajili yake. "Kumbe mtoto angeweza kuita nisisikie," alisema. Kisha akamwambia mwenye lodge, "Bwana, tafuta mtu leo kabla watu wa harusi hawajafika."

Mwenye lodge alisema angeweza kumpa kazi nyingine, ya kufagia, ya bustani. Alisema kwa moyo wake wote, na Baba alimshukuru, lakini chumba kile nyuma ya jiko kilikuwa cha mtunza maji na sote tulijua. Vitu vyake vilienea kwenye begi moja na ndoo. Usipa alioniwekea ulikuwa umefungwa tayari kwenye gazeti.

Kabla ya kupanda gari aliomba twende kanisani. Nilimwacha aingie makaburini peke yake, mimi nikabaki nje ya ukuta, kando ya njia. Alikaa kwenye lile jiwe analokaliaga. Akainama karibu na msalaba kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa.

Hakujua kwamba hanong'oni. Mtu asiyesikia mnong'ono wake mwenyewe hana cha kuupimia, na neno analodhani amelificha mdomoni linafika barabarani. Nilisikia kila kitu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni kichwani alipunguza mwendo, akaniona, akaharakisha.

"Mama watoto, wananipeleka Mbinga," Baba alisema. "Nitakuwa mbali kidogo. Binti yako ametengeneza pampu vizuri, nimeishika kwa mkono, haitetemeki hata kidogo. Umemlea vizuri."

Nilidhani amemaliza, nikachukua begi.

"Ila hapigi tena simu kama zamani, au anapiga, mimi ndiyo sijui. Naona tu kioo cha simu kinawaka, napokea, namwambia tunashukuru Mungu. Huwa nasema mimi tu mpaka mwisho, ili asigundue. Sijui mtoto amekuwa akiniambia nini muda wote huu. Huenda ana shida. Wewe ungenieleza."

Aliinuka, akafuta vumbi suruali, akatoka kwenye lango dogo akinitazama kama kawaida, usoni, kwa makini. Nilijifuta macho kwa kitambaa kabla hajafika karibu. Nikamshika mkono ule mpana wa fundi, na tukateremka kwenda kituoni. Njia nzima nilikuwa namweleza kila kitu nilichowahi kumweleza kwenye simu, mambo ya watoto, ya duka, ya paa linalovuja, nikiwa nimegeuza uso wangu kwake, nikijikwaa kwenye mawe kwa sababu siitazami njia.

"Polepole," Baba alisema. "Sema polepole, mama. Anza tena."