Waya Iliyosahaulika kwa Mixer ya Kanisa

Acha kuniambia hiyo muziki yetu ni mashine imeharibika. Umesema jana, umesema leo, na bado hujasikiliza hata wimbo mmoja ukaisha. Ngoja nikueleze vile inafanywa, halafu ubishe ukijua.

Tuko watatu. Mimi narap kwa Kiswahili. Kuna msichana anauza mitumba soko la Kwa Vonza, yeye anarap kwa Kikamba, na ana mdomo kunishinda. Wa tatu haongei sana. Yeye ndiye kelele yenyewe. Alikuwa mtu wa sauti kwa kanisa lao huko Tulia, zile kanisa za mabati zenye spika kubwa kuliko madhabahu. Hakusomea hiyo kazi mahali. Alifungua tu vitu, akafunga, akafungua tena mpaka akazielewa. Wazee wa kanisa wakamwachia ufunguo, na siku hakuna ibada tulikuwa tunaingia kufanya mazoezi.

Anachukua waya, anachomeka pale sauti inatoka kwa mixer, ile mashine ya kuchanganya sauti, halafu ncha ingine anairudisha pale sauti inaingia. Hakuna maikrofoni, hakuna kinanda. Mixer inaanza kujisikia yenyewe, na inalia. Akizungusha kitufe kidogo, inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi ikiwashwa. Akiongeza, inakuwa bati likikatwa na msumeno. Anaicheza hivyo mpaka ishike mdundo, halafu mimi naingia na mistari. Mara ya kwanza nilimwambia, "Buda, hii itatumaliza masikio." Akacheka tu. Nikarudi nyumbani na sikulala mpaka nimeiandikia wimbo.

Sasa, Jumamosi moja mchana kina mama wa kusafisha kanisa waliingia na ndoo wakatufukuza. Kwa hiyo haraka, huyo jamaa wa mixer akashusha sauti, akafunga mlango, na ile waya ikabaki imechomekwa.

Jumapili mchungaji akasema tuinamishe vichwa. Mama ya jamaa, ambaye anaimba kwaya, akapewa maikrofoni aombee mvua. Jamaa akapandisha sauti.

Aiya! Mixer ilinguruma mpaka njiwa wakatoka kwa paa. Mzee mmoja akapiga magoti. Mchungaji akanyakua maikrofoni: "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Na kila akikemea, mixer inamjibu kwa nguvu zaidi. Mimi niko benchi ya nyuma, najua ni waya, napiga nduru, "Chomoa! Chomoa!" Watu wakadhani nami nimeshikwa na maombi. Wakaitikia, "Amina!"

Jamaa alipochomoa waya, ilikuwa too late. Hakuna mtu alitaka kusikia habari ya waya.

Jioni wazee wakamwita. Wakamwambia Jumapili inayofuata asimame mbele ya kanisa, aseme hiyo muziki ni ya shetani na ameachana na sisi. Akikataa, arudishe ufunguo. Bila ufunguo hakuna mixer, na sisi hatukuwa na mixer ingine yoyote.

Mama yake alimwongelesha jikoni, mimi nikiwa hapo na kikombe cha uji.

"Mwana wakwa, sema tu. Ni maneno, yatapita."

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "nikisema nitakuwa nimedanganya kanisani."

"Na hawa marafiki zako ndio watakuoa?"

Nikaruka: "Mama, sisi hatu..."

"Wewe kunywa uji."

Nikakunywa.

Jumapili akasimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. "Nilisahau waya. Wale niliwashtua, naomba mnisamehe. Lakini ile sauti ni stima tu, umeme wa waya. Shetani hakuwa ndani." Akaweka ufunguo juu ya meza ya sadaka, akatoka. Mama yake hakuimba siku hiyo.

Siku hizi anatengeneza simu hapo sokoni. Juzi msee anayeandaa shoo huko mjini Sultan Hamud akanipigia. "Wewe na huyo dem mko poa. Kujeni na beat ya kawaida kwa flash. Huyo fundi wenu mwacheni, si hata mashine hana."

Nilimwambia vitu siwezi andika hapa. Msichana akaninyang'anya simu, akamwambia mbaya zaidi.

Halafu tukaenda kwa kibanda cha jamaa. Alikuwa amefungua redio nzee, anaichomea waya irudi ndani yake yenyewe. Ikalia kidogo, ikazima. Akapuliza vumbi, akajaribu tena. Hatukumwambia kuhusu Sultan Hamud.

Wewe unasema hasira yangu imetukosesha bahati. Sawa. Huyu mtu aliambiwa atukane hiyo muziki ili abaki na ufunguo, akakataa, na mama yake akiwa anamwangalia. Ungekuwa wewe, ungemwacha?