Seva Iliyompumzisha Mama

Kila mama aliposhuka na lori la mboga kutoka Mgeta, hakupita mlango wa mbele wa nyumba yangu. Alizunguka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu bado ina tope la mlimani, na sijamaliza hata shikamoo alishanieleza kwamba hakuja kututembelea, anasubiri lori lishushe mzigo. Hapa ni kwa mkwe wake, na kwa malezi ya kwetu mama wa mke haendi kukaa kwa mkwe bila shughuli. Kabichi ndizo zilikuwa shughuli. Basi kila wiki nilimpata kwa muda wa chai, akiudharau mchicha wangu na kunisimulia ya kijijini.

Mimi nikaona anateseka. Alishuka ili asikie wanunuzi wa Dar wanataka nini wiki ijayo, maana ukivuna karoti zisizo na mnunuzi, zinakuozea. Kazi yangu ni kompyuta. Nikasema, mambo ya mama mtu mzima kukalia magunia yaishe.

Nikakodi seva, kompyuta iliyo nchi ya mbali ambayo sijawahi kuiona, ninaiamuru nikiwa mezani kwangu Morogoro. Ndani yake nikapanga makontena mawili, yaani visanduku vya kidijitali, kila kimoja na programu yake: moja la kupokea meseji za wakulima na wanunuzi, jingine la kanzidata, inayotunza nani ana nini na nani anataka nini. Mwanzoni data niliziacha humo humo ndani ya kontena. Nikaliunda upya, zikapotea zote, nikatukana peke yangu. Nikajifunza kuziweka nje, kwenye diski ya seva, na nakala pembeni. Kila kinachoweza kupotea nilikifikiria, au ndivyo nilivyodhani, na nilijivuna sana.

Ikafanya kazi. Mama anatuma meseji akiwa shambani, jibu linamkuta hapo hapo, mwenye lori anapakia na kuondoka. Majirani zake wakajiunga. Wiki ya kwanza hakushuka, nikafurahi. Zilipopita nyingine kadhaa, nikaanza kununa siku za lori, bila kumwambia mtu sababu.

Nikampigia. "Mama, shuka basi, hata bila mzigo."

"Nije kwa mkwe wangu nimefuata nini? Watu watasema nimefukuzwa kwangu."

Nikamsihi, nikamkasirikia, nikamwambia mkwe mwenyewe anamuulizia. Akacheka, akasema huyo kijana ana adabu, nimtunze. Mimi napanda Mgeta sikukuu tu, na sikukuu nyumba imejaa watu, mama hatoki jikoni. Ule muda wetu wa uani, yeye na mimi tu, niliufuta kwa mikono yangu nikidhani namsaidia. Inaniuma mpaka leo.

Juzi alipiga yeye. Tulisalimiana, akauliza kama mjini mvua imenyesha.

"Hiyo mashine yako, mwanangu, haijawahi kuharibika?"

Nikamwambia haijawahi. Akasema ni vizuri, watu wa huku wanaitegemea.

"Lakini ingeharibika," akasema, "hata wiki moja tu, ningeshuka."