Kanzu za Kwaya na Ndege ya Manowari

Jumamosi ile Neema, mjukuu wa marehemu mdogo wangu Faida, alitoka kazini Minto akapita kunichukua nyumbani Guildford, huku ugenini tulikohamia. "Koko," ndivyo aniitavyo mimi bibi yake, "twende tuone ndege za zamani." Nikavaa kitenge, nikapanda gari.

Ndani ya banda kubwa la makumbusho kulikuwa na ndege ya kivita iliyokuwa ikirukia kwenye manowari. Mzee wa Kizungu, zamani fundi wake, alitusimulia maisha yote ya ndege hiyo, Neema akinitafsiria. Siku ndoano ya mkiani ilipokosa waya wa kuisimamisha juu ya meli na ikaponea chupuchupu kuzama. Bawa lililobadilishwa. Yeye na wenzake walivyoikuta shambani imejaa viota, wakailea miaka mpaka ikang'aa. Aliipapasa kama ng'ombe wake. "Haijamdhuru mtu hata mmoja," akasema.

Kisha akatugawia vitambaa vyeupe, maana kwao mgeni husaidia kuifuta vumbi. Wee! Kile cheupe mkononi kikanirudisha kwetu.

Kwetu, mashariki ya Kongo, siku moja kabla ya vita kutufikia, mimi na Faida tulikuwa tunafua kanzu nyeupe za kwaya. Faida alikuwa ananicheka kwa kuimba vibaya. Komanda wa askari waliotulinda alikuja kula kwangu kama kawaida, ugali wetu wa bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Aliniita dada.

"Dada, kesho zitapita ndege. Ni zetu. Tandikeni vitu vyeupe uwanjani pa kanisa, mkae hapo hapo. Rubani atajua ninyi ni raia."

Tukatandika kanzu zote.

Asubuhi kambi ya askari ilikuwa tupu. Hata kwaheri hakutuachia. Faida akasema wametangulia kupigana, basi tukaamini. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Ndege ikaja, chini kabisa.

Faida akaipungia mkono. Nilimwona kutoka bombani.

Ikapiga palepale penye weupe.

Ile ndege ilikuwa ya adui, na komanda alijua. Askari wake mmoja alikuja kuniambia tulipokuwa kambini mwa wakimbizi: adui aone weupe, adhani ni mahema ya jeshi, na wao wapate kutoroka. Alitutandika sisi! Sombe yangu tumboni mwake, na bado anaishi, nasikia ni mtu mkubwa. Adui simlaumu sana. Adui hakula kwangu.

"Mama hafuti?" mzee akamwuliza Neema, kwa upole tu.

Nikakikunja kile kitambaa vizuri, jinsi tulivyokuwa tunakunja kanzu, nikamrudishia.

"Mwambie ndege yake ina bahati," nikamwambia Neema. "Kila kipande chake wanajua kilipo. Bibi yako hatukupata hata kipande, tulizika kanzu tu."

Mzee alisubiri, anatabasamu. Neema akamwambia asante tu, akanishika mkono tukaenda garini.