Moshi wa Jumatano

Eevertti Kuosmanen, fundi viatu wa kijijini, alijifunzia jimnastiki kwenye boriti ya zizi. Mama yake, Loviisa, hakuwahi kumsifu hata siku moja.

"Popo we! Ukivunjika shingo, kuni atapasua nani?"

Mwaka 1909 akarudi kutoka mashindano ya Helsinki na medali. Mama akaigeuza, akaguna, "Hailiki hii," akatoka zake.

Punde moshi ukafuka kwenye sauna, bafu lao la mvuke linalowashwa Jumamosi tu, au pakiwa na maiti wa kuosha. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano!

Jirani akaja mbio. "Loviisa, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kijana ana vumbi la safari."

Hata uzeeni, Eevertti akiulizwa habari za ushindi wake, medali hakuitaja. Alisema tu, kifua mbele: "Mama aliwasha sauna Jumatano."