Maji Hayakupanda

Baba alifariki Ijumaa, na treni ya kaka yake kutoka kaskazini ingefika Élisabethville Jumapili asubuhi. Kwetu marehemu haondoki nyumbani kabla mkubwa wake hajamshika mkono na kumwambia aende. Asipoambiwa, anabaki. Kwa hiyo jioni ileile nilileta bonge la barafu ndani ya gunia, tukaliweka kwenye beseni la bati chini ya kitanda chake.

Barafu ikatoa moshi. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wote tuliishi kwa tanuru la shaba, na kinachotoa moshi kinaungua. Shangazi akapiga kelele, "Mutie mayi! Itachoma kitanda ya kaka!"

Tukatia maji. Barafu ikanyanyuka, ikaelea, ncha ndogo tu juu, mwili wote chini.

Mimi mjuaji nikachora mstari wa makaa ndani ya beseni, pale maji yalipofikia. "Ikiyeyuka, mayi itapanda," nikasema. "Tutaona." Wanawake wakashusha shuka hadi sakafuni, ukabaki nje upande mmoja tu wa beseni, wenye mstari wangu.

Jumamosi asubuhi kitu kikaanza kugonga bati chini ya kitanda. Ko. Ko. Waombolezaji wakageukia kitanda. Shangazi akainama. "Kaka, vumilia. Mukubwa yako iko mu njia."

Kugonga kukapungua, kukakoma. Shangazi akafuta machozi, akasema amesikia.

Muuza barafu alikuwa anafunga saa sita mchana hadi Jumatatu. Kabla ya hapo nilichungulia: maji yako palepale kwenye mstari. Nikakaa, nikaomba chai.

Saa nane harufu ikatoka. Nilipapasa chini ya shuka nikakuta maji matupu, hata baridi hayana; barafu iliyokuwa ikigonga bati imekwisha. Hayakupanda hata kidogo. Barafu inayoelea imekwisha kujichukulia nafasi yake majini tangu mwanzo. Sikulijua hilo, na aibu yake ninayo hadi leo.

Tukamzika jioni.

Jumapili asubuhi baba mkubwa alifika na vumbi la safari, nikamweleza yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, maana nimefanana sana na baba, kisha akanishika mkono.

"Mudogo yangu," akasema, "nilisha kufika. Sasa wende."

Shangazi akaninong'oneza niitike, nami nikaitika.