Apiga planki mochwari asije akamwangusha mama yake

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke mmoja yuko kifudifudi kwenye sakafu ya mochwari. Hajafa. Amejiinua kwa viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, macho yanatazama vigae. Kulia kwake kuna milango sita ya jokofu. Kushoto kuna machela, na juu yake mtu aliyefunikwa shuka hadi utosini.

Mota ya jokofu inanguruma, kisha inanyamaza. Sasa inasikika pumzi moja tu, na mwandishi wa makala haya anajikuta akitega sikio kujua inatoka wapi.

"Ni yangu," mwanamke anasema bila kuinua kichwa. "Wageni wote husikiliza hivyo hivyo."

Ana miaka hamsini na mbili. Ishirini na mbili kati ya hiyo ameitumia humu, akipokea maiti, akiwaosha na kuwapanga. Wenzake humwita Bi Hodi, kwa sababu hamgusi mtu kabla ya kumpa taarifa.

"Baba, nakugeuza sasa," anamwambia aliye kwenye machela. "Uniwie radhi, mikono yangu ya baridi."

Mwandishi alicheka, kisha akajuta.

Zoezi lile ni planki. Amelifanya kila siku ya kazi kwa mwaka mmoja na nusu, tangu alipomwangusha mzee mmoja.

"Tulikuwa tunamtoa trei ya juu. Mwenzangu kashika miguu, mimi mabega. Mgongo ukakata, nikaachia. Na watoto wake wapo mlangoni, wanaona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ile sauti ya kichwa sakafuni naisikia mpaka leo, hata nikiwa nachagua nyanya."

Alilala kitandani siku kumi na nne. Mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na moja, anaishi naye na hajaweza kuinuka kwa miaka miwili. Alipoisikia habari hiyo hakumpa pole. Alimuuliza, "Siku yangu ikifika nitapita mikononi mwako. Na mimi utaniangusha?"

Bi Hodi alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali hiyo.

"Watu hudhani mgongo unajibeba wenyewe," anasema mtaalamu huyo, mwanamume mcheshi mwenye kitambi anachokiita cha maonyesho. "Unabebwa na tumbo, makalio na mabega. Planki hufunza vyote kushikana kwa pamoja. Unasimama wima, ukiinua mzigo huyumbi. Ila mwenye maumivu aje tumwone kwanza. Na asilegeze kiuno wala asibane pumzi."

Siku ya kwanza mgonjwa wake alidumu sekunde nane. "Nikamwambia, dada yangu, kuna watu wanapiga chafya ndefu kuliko hiyo."

Leo Bi Hodi na mwenzake wanamhamisha mtu wa kilo tisini bila yeye kujishika kiuno. Dawa za maumivu amezisahau.

Zoezi la pili hulifanya jioni nyumbani, sakafuni kando ya kitanda cha mama. Chumba ni kidogo, kina harufu ya dawa ya kuchua. Mama hawezi kugeuka. Anahesabu sekunde akitazama dari.

"Sabini na tisa. Themanini."

Anakoma. Bi Hodi hainui kichwa. Mwandishi anatazama blanketi kifuani pa bibi yule, na blanketi halitikisiki. Muda unapita.

"Themanini na moja," mama anasema. "Nilikuwa napumzika kidogo. Mpe mgeni maji, ameogopa."

Kwenye mia na nane binti anaanguka. Mama anafyonya.

"Bado kumi na mbili," anasema, kisha anamgeuzia mgeni macho tu. "Akifikisha mia na ishirini nitajua mikono imekomaa. Hapo nitaondoka, hata iwe kesho. Nimechoka, mwanangu." Anasema kwa upole, kama mtu anayepanga kwenda kumsalimia dada yake.

Uani, mwandishi anamuuliza Bi Hodi lini atazipata hizo kumi na mbili. Anafunga mlango wa nyuma kwanza.

"Kazini nafika mia na themanini," ananong'ona. "Tangu mwezi wa pili."

Na hapa nyumbani?

"Hapa naanguka makusudi. Nampenda mama yangu, sina mwingine. Andika tu, yeye hasomi magazeti."

Mpango wake ameshaupanga. Mwezi ujao atampa mama mia na tisa, asije akakata tamaa.

"Mia na kumi," anasema, "tutaiona mwakani, Mungu akipenda."